Mji wa Kale wa Karatu, kwa Miguu

Jumatatu, 9 Julai 1984

Siku kubwa katika historia ya Karatu, ingawa Karatu yenyewe haijajua.

Kwanza mabaya, yaishe. Bernadina, mke wangu, bado yuko Mbulumbulu kwa baba yake pamoja na binti yetu Cresensia. Aliondoka kwa sababu ya kamera. Nilimpa mtu gunia la maharage, akanipa kamera nzuri sana ya Kijerumani, niwe mpiga picha wa kwanza wa mtaa huu. Filamu hazipatikani nchi nzima. Hilo nalo ni kosa langu? Bernadina aliniuliza kama tutaichemsha kamera au tutaikaanga. Kesho yake akafunga mzigo, akapanda lori la ngano.

Jana baba mkwe, Mzee Hhando, ametuma neno kwa watu wa kanisani. Jumapili hii baada ya misa atakuja mwenyewe, na swali lake ni moja tu: kazi yangu inaitwaje. Nikiwa na kazi yenye jina, mke na mtoto watarudi. Nikiwa sina, watabaki huko, na mwakani Cresensia ataandikishwa shule hukohuko.

Nyumba imepoa. Jana nimekula kiporo cha juzi nikiwa nimesimama. Sikujua kama mtoto mdogo vile anaweza kujaza nyumba. Nimewakumbuka sana.

Sasa mazuri! Leo kituo cha mafuta nimemkuta Bwana Martini, meneja wa hoteli moja kule juu ukingoni mwa kreta. Analalamika. Tangu mpaka wa Kenya ufunguliwe wageni wameanza kurudi, lakini Julai hii ukungu unalala juu ya kreta asubuhi nzima. Wageni wanaamka, wanatazama ukungu, wanakunywa chai, wanatazama ukungu tena. Anatafuta mtu wa kuwashughulisha. Kazi ya kudumu. Na kofia ya hoteli juu yake.

Nikamwambia palepale kwamba mtu huyo anaongea naye.

Maana mimi nimefika Bagamoyo. Nilikwenda na kwaya ya parokia, upande wa besi. Huko nilimwona bwana mmoja akiwatembeza wageni mji wa kale kwa miguu. Anasimama mbele ya mlango, anasema mlango huu ni wa zamani sana. Wageni wanasema aaa. Anasimama kwenye ukuta uliobomoka. Aaa. Hata makaburini, aaa. Nilimfuata kila siku, mazoezi ya kwaya nikayakosa yote. Kazi nzima ni kutembea na kusimama. Kutembea naweza. Kusimama ndiyo kabisa.

Bwana Martini aliuliza Karatu ina ukale gani. Nikamwambia asubiri aone.

Jumanne, 10 Julai

Nimeukagua mji tangu asubuhi. Asiye na jicho anaona barabara moja ya vumbi, maduka pande mbili, mashine ya kusaga, kanisa, na nyumba zetu huku nyuma. Mimi nina jicho.

Tangi la maji la wakoloni, lililotoboka: huo ni mnara. Mlango wa stoo ya mashine ya kusaga una nakshi chini. Kweli ni panya waliotafuna, lakini nakshi ni nakshi. Choo cha Balozi Hilari, mjumbe wetu wa nyumba kumi, kilianguka wakati wa masika, ukabaki ukuta mmoja. Bagamoyo ukuta wa namna hiyo wanauita gofu, na watu wanapanda ndege kuja kuutazama. Halafu kuna jiwe ambalo jirani yangu Leonida anasagia kimea cha pombe. Nilimuuliza nani alilileta, akasema hajui, alilikuta. Basi, la kale!

Leonida alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama kwao Ulaya wageni hao hawana vyoo vilivyoanguka. Nikamjibu kwamba nabii hakubaliki kwao, nikaondoka kwa heshima.

Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, njia yote ya matembezi. Kila mwenye nyumba nimemwagiza vilevile: Jumamosi asubuhi naleta wageni, simama mlangoni kwako, wakaribishe vizuri, usiniaibishe. Wote wakaahidi. Watu wa mtaa huu wametoka Singida, Dodoma, Mbulu, kila mmoja na lake, lakini kwa mgeni wote lao moja. Nilijisikia fahari karibu nitoe machozi.

Ila jioni, loo, habari mbaya. Ignas naye ameiomba kazi! Ignas huyu aliwahi kuendesha gari la hoteli, na hadi leo anavaa darubini shingoni hata akienda kununua chumvi. Anataka kuwapeleka wageni Oldeani kwenye mashamba ya kahawa. Bwana Martini ameamua kwamba Ignas ajaribu Alhamisi, mimi Jumamosi, na atakayewafurahisha wageni ndiye atakayevaa kofia.

Nimetoa kamera nikaivaa shingoni. Sasa tuko sawa.

Jumatano, 11 Julai

Mazoezi. Hakuna jirani aliyekubali kuigiza mgeni, kwa hiyo nimewatembeza mbuzi wa Balozi Hilari. Nimesimama kila kituo nikaeleza. Mbuzi ni wasikivu kuliko unavyodhani, mradi pawe na majani. Tatizo lilikuwa kituo cha Leonida, walipokiona kimea kimeanikwa. Maneno aliyonipa Leonida siyaandiki hapa.

Balozi Hilari aliuliza kama ngazi za juu zina habari. Nikamwambia haya ni maendeleo, akalainika. Akataka kujua yeye atasimama wapi. Nikamwambia kando ya choo. Akanuna. Nikamwambia samahani, kando ya gofu. Akaenda kutafuta suti yake.

Baadaye Leonida, hasira zimempoa, akauliza matembezi yataishia wapi. Nikashangaa swali lenyewe. Kwangu! Nyumba ya Mwanahistoria! Hapo wageni watakaa na kunishukuru. Akauliza nani atawasha moto kwenye nyumba hiyo. Nikamwambia wageni wanakuja kutazama historia, hawaji kutazama moto. Akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyetumbukia shimoni. Kisha akasema ana ujumbe wa kupeleka Mbulumbulu kwa lori la maziwa. Hayanihusu.

Alhamisi, 12 Julai

Siku ya Ignas. Nilikwenda Oldeani kumpeleleza. Mtu mwenye akili hupeleleza.

Nilipanda trela la trekta, nikashuka, nikajificha katikati ya mikahawa. Pahali pazuri kabisa. Ila ni wakati wa kuchuma. Nyapara alinipita, akarudi, akaniuliza kikapu changu kiko wapi. Nilitaka kumweleza mimi ni nani, lakini Ignas na wageni wake walikuwa wanakuja. Nikachukua kikapu.

Basi Ignas akawaleta mpaka mbele yangu! Nikainamisha kichwa, nikachuma. Mama mmoja wa Kizungu, mwenye nywele nyeupe na Kiswahili safi, alinipa pole kwa kazi. Nikaitikia kwa sauti ya kubadilisha. Akanipiga picha. Yeye kamera yake ina filamu.

Ignas alinitambua. Najua, kwa sababu aliwaambia wageni kwamba huyu hapa ni mfano wa mchumaji mvivu. Mvivu! Nilichuma hadi mchana, kwa sababu nyapara hakuondoka, na nasema bila kujisifu kwamba punje zangu zilikuwa nyekundu tupu kuliko za mtu yeyote. Baba yangu alitoka Singida kuja kuchuma kahawa hiyohiyo. Damu haipotei.

Ignas aliwanywesha kahawa, akawaonyesha ndege kwa darubini, akawarudisha. Walionekana wameridhika. Niseme kweli, nimeogopa. Nimerudi njia nzima nikimfikiria Mzee Hhando amekaa kwenye kiti changu Jumapili, mimi mbele yake, sina jina la kumpa.

Ijumaa, 13 Julai

Mtaa umeamka! Nimezunguka kukagua, kila ua unafagiliwa. Mashine ya kusaga ina foleni hadi barabarani. Kuku wanakimbizwa huku na huku. Nikadhani wanawaondoa njiani ili wageni wasisumbuliwe. Nidhamu ya ajabu. Kuni zinapasuliwa kila nyumba. Nimempongeza kila mtu.

Mchana nilikuwa nafuta vumbi kwenye mlango wangu wa kihistoria, nikasikia lori. Nikageuka. Bernadina! Na Cresensia nyuma yake amebeba kuku. Mtoto alinikimbilia akanirukia na kuku wake, nikawabeba wote wawili.

Bernadina alinisalimu kama mtu anavyomsalimu karani. Nikamwambia nilijua atarudi. Akatua mzigo, akaingia jikoni, akatazama mafiga, akatoka.

"Sikuja kwako, Baba Cresensia. Nimekuja kwenye jiko langu," akasema. "Wageni wataingia nyumba inayoitwa yangu, wakute majivu ya juzi? Watasema mwenye nyumba ni nani? Wewe hawatakutaja. Watanitaja mimi."

Nikamwambia wageni wanakuja kwa ajili ya historia. Akanipa ndoo. Jumapili baba yake akishaondoka, ataondoka naye, kama sina la kumjibu. Hilo amelisema wazi, bila kelele, na ndiyo maana limeniingia.

Hata hivyo, mke yuko nyumbani na matembezi hayajaanza. Ignas ameweza hilo kwa darubini yake?

Jumamosi, 14 Julai

Nimelala chali naandika. Nitaanza mwanzo.

Asubuhi ukungu, kama nilivyoagiza. Magari mawili ya hoteli yakasimama sokoni. Wakashuka wageni wengi, wazee wengi wao, na yule mama mwenye nywele nyeupe. Kumbe alifundisha shule Moshi miaka mingi iliyopita. Alinitazama, akafurahi, akawaambia wenzake kitu, wote wakanipungia mkono. Alikuwa anawaambia kwamba mimi ndiye mchumaji kahawa. Nikamwambia mwanahistoria halisi hujifunza kila kazi. Akatafsiri bila kucheka. Mama mwungwana sana.

Kituo cha kwanza, tangi. Nikasimama. Nikasema hili ni mnara uliojengwa na tajiri mmoja wa pwani aliyepotea njia, akaja mpaka huku akitafuta bahari. Wageni wakasema aaa. Walisema! Niliisikia kwa masikio yangu! Ningekufa saa ile ningekufa nimetimiza.

Kituo cha pili, jiwe la Leonida. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye jiwe. Sikuliona, kwa sababu mbele yake kulikuwa na meza. Na juu ya meza ugali, kuku wa kuchoma, mboga ya maziwa, na kibuyu. Leonida mwenyewe kasimama mlangoni kama nilivyomwagiza, kanga mpya, anakaribisha vizuri kama nilivyomwagiza. Nikamnong'oneza kwamba tunapita tu. Hakunong'ona.

"Wilibrodi, ulinitangazia wageni mwenyewe. Sasa wapite mlangoni kwangu midomo mikavu?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wakaingia. Wakala. Leonida hawezi kumwona mtu ana sahani tupu, anachukulia kama tusi.

Ng'ambo ya njia Balozi Hilari alikuwa anatazama, suti imembana, mkewe kando yake na sufuria la makande. Leonida kawalisha kuku, mjumbe wa nyumba kumi anaweza kuwa chini ya Leonida? Wakaingia. Wakala. Gofu hakuna aliyelitazama. Nilijaribu kulieleza nikiwa mlangoni, mke wa Balozi akaniambia nisiwasimamie watu wakila.

Nyumba iliyofuata ni ya watu wa Singida, na hawa wakasikia wageni wamekula kwa jirani. Ugali wa mtama, mlenda, karanga. Iliyofuata ni ya watu wa Dodoma. Wakati huo mzee mmoja mgeni alikuwa amelegeza mkanda, na mama mwenye Kiswahili akaniuliza polepole kama inaruhusiwa kukataa. Nikamweleza kwamba kwetu kukataa chakula ni kumwambia mwenye nyumba kuwa mkono wake mchafu. Akavuta pumzi, akatafsiri. Nyuso zao zilibadilika.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Niliwapitisha uani, nyuma ya mashine ya kusaga, tuwakwepe waliobaki. Mpango mzuri sana. Lakini wenye nyumba walikuwa wamesimama milangoni tangu alfajiri. Wakaona wageni wao wanapotea. Wakatufuata na masufuria! Nilipogeuka niliona mtaa mzima unakuja, masahani, mabakuli, mtu na ndizi za kuchemsha kichwani, mwingine ana uji. Nikasimama mbele ya mlango wenye nakshi na kuanza kueleza. Mke wa mwenye mashine akaufungua kwa ndani, akatoka na chai ya maziwa.

Ignas alikuwa amesimama barabarani, anatutazama kwa darubini. Hatua chache tu! Anatumia darubini!

Tulifika kwangu tukikokotana. Mzee wa mkanda alikuwa ameshikiliwa huku na huku. Bernadina alikuwa na vyungu vyake tayari, nimeviona, pilau lenyewe. Akatoka mlangoni, akawatazama wageni mmoja mmoja. Akatazama ule umati wa masufuria. Akarudi ndani akavifunika vyungu vyote. Kisha akatandika mikeka, ngozi, hata godoro letu, akaleta maji ya moto yenye tangawizi, akamwambia yule mama maneno mawili.

"Poleni. Laleni."

Wakalala. Wageni wa Ulaya, wote, kwenye Nyumba ya Mwanahistoria, wanakoroma. Bernadina akaenda nje na kuwashukuru majirani mmoja mmoja, akaonja kidogo cha kila sufuria ili mtu asinung'unike, akawarudisha makwao wakiwa wanacheka. Mimi nilibaki ndani nikieleza historia ya nyumba kwa sauti ya chini.

Walipoamka walimshika Bernadina mikono, hawataki kuiachia. Yule mama alilia kidogo. Bwana Martini alipokuja na magari aliuliza wameona nini. Wakamwambia hawajui.

Nadhani imekwenda vizuri.

Jumapili, 15 Julai

Baada ya misa Mzee Hhando amekuja, akakaa kwenye kiti changu. Nimempa shikamoo. Ameitikia. Bernadina alikuwa amefunga mzigo, umewekwa karibu na mlango, mahali ambapo nitauona.

Kabla hajaniuliza, gari likasimama nje. Bwana Martini! Nimeinuka nikaweka kola sawa. Ameingia na kofia mkononi, nzuri, ya kijani. Akasema wageni hawaongei kingine ila ile nyumba. Kuanzia wiki hii, kila asubuhi ya ukungu, atawaleta Karatu. Watakula mlo mmoja, nyumba moja, kwa zamu, wapumzike, basi. Ignas atawaleta kwa gari. Anahitaji mtu wa kupanga zamu, mtu ambaye mtaa unamsikia. Nimenyoosha mkono.

Akanipita. Akampa Bernadina.

Mzee Hhando alitazama kofia kichwani mwa binti yake. Kisha akanigeukia.

"Haya, mkwe. Yeye kazi yake tumeiona. Na wewe yako inaitwaje?"

Nilifungua mdomo. Maneno yangu yote, ambayo siku zote yananitangulia, hayakuja. Cresensia alikuwa ameshika suruali yangu. Nilitazama mzigo ule mlangoni, na nitaandika kweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliona giza.

Bernadina akasema, "Anachota maji, Baba. Wageni watakunywa, vyombo vitaoshwa. Kila siku."

Wanaume wa mtaa, waliokuwa wamejaa uani kusikiliza, wote wakacheka, maana kwetu mwanamume na ndoo ni kichekesho. Mzee Hhando hakucheka. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo, Baba. Akafikiri, akakubali kwamba kuchota maji ni kazi na ina jina. Bernadina akauchukua mzigo, akaurudisha chumbani. Akapita karibu yangu, akaniambia siku atakayokosa maji, lori la ngano analijua linasimama wapi.

Kwa hiyo nimeajiriwa! Wiki moja tu, nimemrudisha mke, nimemrudisha mtoto, nimeileta hoteli mpaka mlangoni, na ninaongoza Idara ya Maji. Ignas ni dereva tu.

Jumatatu, 16 Julai

Asubuhi mapema nimekwenda kisimani na ndoo mpya. Majirani wamenisalimu njiani, wengine kwa kicheko. Wivu.

Sasa, sijui kwa nini sikuliona hili mapema. Njia ya kisimani ni ya kale! Kuna daraja la gogo. Kuna jiwe lenye alama, na alama ni alama. Wageni watakunywa maji kila siku bila kujua yanatoka wapi? Hapana. Kabla ya kula watembee kwanza kidogo, mpaka kisimani na kurudi, nami mbele.

Nyumba za njia hiyo hazikuwemo kwenye matembezi ya Jumamosi, na wenyewe walikuwa wamenuna kwa kuachwa. Nimeingia zote, moja baada ya nyingine. Nimewaambia kesho naleta wageni, wasimame milangoni, wawakaribishe vizuri, wasiniaibishe. Wameahidi wote, tena kwa furaha. Nimechelewa kidogo kwa sababu kila nyumba ilinikaribisha chai, na huwezi kukataa.

Bernadina sijamwambia bado. Nataka nimfurahishe.

Hapa ninapoandika ananiita toka jikoni. Anauliza ndoo iko wapi.